Wiki sita na watu wa umeme: tathmini ya baraza moja la wanafunzi mjini Tanga

"Nafasi ya kufanya nini, mwanangu?" Hilo ndilo jibu nililopewa jioni ya kwanza ya baraza, nilipomwuliza mhandisi mmoja mstaafu kama pale alipokuwa akifanya kazi kulikuwa na nafasi. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme Dar es Salaam, nimerudi nyumbani Tanga na barua ya chuo ya kuombea mafunzo kwa vitendo ndani ya bahasha ya kaki, na sikuwa nimewahi kulifikiria swali hilo. Nikasema niko tayari kwa chochote. Mzee akanywa kahawa yake, akaniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuiona idara ya chochote, kisha akamgeukia mwenzangu aliyekuwa akisubiri.

Huduma ninayoitathmini ni baraza hilo lenyewe. Hukutana katika chumba cha juu cha nyumba ya ghorofa moja iliyoko Ngamiani, juu ya duka la nyaya na soketi, na kazi yake ni kuwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya ufundi na watu waliomo katika kazi ya umeme: wahandisi, mafundi sanifu, waendesha mitambo na wakandarasi, baadhi yao wakiwa kazini na baadhi wakiwa wamestaafu. Awamu moja huchukua wiki sita na ada yake ni shilingi 45,000, ambayo mtu anaruhusiwa kuilipa kwa mafungu mawili. Kwa fedha hiyo mwanafunzi hupata jioni sita za mazungumzo, ziara moja ya kiwandani, na mlezi mmoja ambaye anaweza kumwuliza maswali hadi awamu imalizike. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa inaendeshwa na mtu mmoja pamoja na msaidizi wake, na miongoni mwa nitakayoyasema yamo wasiyoyapenda. Mwenyeji anayeitaka hatapata tabu kuipata, kwa sababu mafundi wa mitaa ile wanaijua.

Nilijiunga nikiwa na shaka. Wengi wetu tuliamini kwamba watu wa maana wa umeme wako Dar es Salaam na Dodoma, na kwamba Tanga ni mahali pa kulala tu huku mtu akisubiri kuitwa kwenye usaili. Jioni ya pili ilitikisa imani hiyo. Mwendesha mitambo mmoja mstaafu alituuliza ni kituo gani cha kufua umeme tungependa kukijua, na wote kumi na wanne tukataja Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Hakutubeza. Alikubali kwamba mtambo mmoja tu wa Rufiji unavizidi kwa mbali vituo vya bonde la Pangani vikijumlishwa vyote, yaani Hale yenye megawati 21, Maporomoko ya Pangani yenye megawati 68 na Nyumba ya Mungu yenye megawati 8. Halafu akauliza ni nani kati yetu amewahi kukitazama kituo cha Hale, kilichoanza kazi mwaka 1964, hata kwa nje, na hakuna mkono ulioinuka, ingawa wawili wetu ni watu wa Muheza ambao basi lao hupita Hale kila wanapokwenda chuoni. Ndipo akatueleza kwamba TANESCO, shirika la umeme la taifa, ilipoundwa mwaka 1931 ikiwa kampuni binafsi wakati wa utawala wa Waingereza, ilikuwa kampuni ya upande wetu huu wa kaskazini, Dar es Salaam ikiwa na kampuni yake nyingine, na kwamba maji ya Mto Pangani yalizungusha mitambo tangu miaka ya 1930, mkonge ukiwa miongoni mwa wateja wakubwa wa umeme huo. Mimi nimezaliwa na kukulia Makorora, na habari hiyo niliisikia mara ya kwanza katika chumba kile.

Utaratibu wa jioni zenyewe ni wa kibaraza kweli kweli. Hakuna jukwaa wala kipaza sauti. Mgeni huketi kwenye mkeka au kwenye kiti kulingana na magoti yake, kahawa hupita na kashata, na kila mwanafunzi hupewa dakika zisizozidi kumi za kuwa naye. Sharti ni moja, nalo ndilo lililonifanya niione huduma hii kuwa na thamani: huruhusiwi kumwendea mgeni ukiwa mikono mitupu. Lazima uwe na karatasi yenye kazi uliyoifanya mwenyewe, iwe mchoro, hesabu au vipimo, na swali lako litokane na karatasi hiyo. Jioni ya kwanza sharti hilo halitumiki, nadhani kwa makusudi, ili kila mmoja aonje aibu niliyoionja mimi.

Tulifundishwa pia namna ya kumwandikia mtu ambaye hatujawahi kukutana naye, kwa sentensi tatu: mimi ni nani, nimefanya nini hadi sasa, na ni jambo gani moja ninaloomba nielekezwe. Salamu itangulie, na kwa mtu mzima shikamoo isiachwe kwa kisingizio cha ufupi. Kulikuwa na onyo moja ambalo sikulipata katika semina yoyote ya chuo, kwamba mtu anayefanya kazi katika chumba cha kuongozea mfumo wa umeme asipigiwe simu kati ya saa moja na saa nne usiku, kwa sababu huo ndio wakati ambao taa, televisheni na majiko ya watu vinawashwa kwa pamoja na mahitaji ya umeme hupanda kuliko saa nyingine za siku. Mwanafunzi anayepiga simu saa mbili usiku kuomba ushauri wa maisha huwa amekwisha kumwonyesha mwenzake kwamba hajui kazi yake inavyokwenda.

Mlezi niliyepangiwa ni mhandisi wa kike wa mambo ya ulinzi wa mifumo, yaani rilei na sakiti breka, vifaa vinavyogundua hitilafu na kukata umeme, ambaye sote tulimwita Dada Mhandisi. Kazi ya kwanza aliyonipa ilinivunja moyo kwa udogo wake: nichore mchoro wa laini moja wa mtaa wetu, yaani njia ya umeme ikionyeshwa kwa mstari mmoja tu, kuanzia kwenye nguzo yenye transfoma hadi kwenye mita ya LUKU ya nyumbani, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, nikisimama barabarani bila kugusa kitu chochote. Nilidhani itanichukua nusu saa. Ilinichukua jioni tatu, nikizunguka kwa baiskeli na daftari, nikihesabu nguzo na nyumba zilizounganishwa kwa kila nguzo, huku kina mama wa mtaani wakiniuliza kama ninakuja kuwakatia umeme. Transfoma yetu ni ya kVA 200, kVA ikiwa kipimo cha mzigo wa umeme inaoweza kuubeba, inapokea kilovolti 11 na kutoa volti 400. Nilikokotoa mkondo wa upande wa chini nikapata ampea 500, nikajivunia hesabu iliyotoka bila desimali.

Dada Mhandisi aliitazama karatasi ile kwa muda ambao haukufika dakika moja, akauliza, "Mzizi wa tatu umeuacha wapi, mdogo wangu?" Nilikuwa nimegawanya kVA kwa volti kana kwamba mtaa wetu una fazi moja, bila kugawanya pia kwa kipeuo cha pili cha tatu kama inavyotakiwa kwa fazi tatu. Jibu sahihi ni takriban ampea 289 kwa upande wa chini, na kwa upande wa juu ni kama ampea 10 na nusu tu, na kutoka hapo akanieleza ni kwa nini fyuzi zilizo juu ya nguzo, ambazo mtu wa kawaida huziona kama vijiti vinavyoning'inia, huwa za ampea chache wakati waya unaoshuka kuelekea majumbani ni mnene kama kidole. Kisha akaniuliza swali ambalo tulilijadili kwa wiki mbili: nyumba ya mwisho kabisa kwenye laini, iliyo mbali na transfoma, ikipata hitilafu, je, mkondo wa hitilafu hiyo utatosha kuikata fyuzi ya upande wa juu, au nyaya zitaendelea kuungua huku fyuzi imetulia? Niliwahi kufaulu mtihani wa somo hilo kwa alama nzuri. Sikuwa nimewahi kuliona likiwa na mtaa, nyumba na watu waliolala ndani yake.

Jioni bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa ya nne, alipokuja fundi mmoja wa njia kuu ambaye amefanya kazi ukanda wa pwani kwa muda mrefu. Mwenzetu mmoja anayesoma ufundi alileta orodha ya siku ambazo umeme ulikatika mtaani kwao Sahare, aliyoiandika mwenyewe kwa miezi miwili, na akauliza kwa nini mara kadhaa ulikatika alfajiri yenye umande ilhali siku ya mvua kubwa haukukatika. Fundi aliichukua orodha ile, akavaa miwani, na ukumbi mzima ukanyamaza. Alieleza kwamba upepo wa bahari hubeba chumvi na kuilaza juu ya vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya, na kwamba chumvi hiyo ikiwa kavu haileti madhara makubwa. Ikiloweshwa na umande au manyunyu huwa utando unaopitisha umeme, mkondo mdogo huanza kutambaa juu ya kikombe, joto lake hukausha baadhi ya sehemu za utando, cheche huruka katika sehemu hizo zilizokauka, na mwishowe moto wa umeme huruka kutoka kwenye waya hadi kwenye nguzo. Mvua kubwa, kinyume chake, huviosha vikombe. Hivyo baada ya wiki nyingi za jua na upepo, adui ni umande kuliko dhoruba. Vumbi la saruji, akaongeza, lina tabia zake na ni bishi zaidi kuliko chumvi kwa sababu likilowa hugandamana, na mvua haiwezi kuling'oa. Kuhusu dawa alitaja kuviosha vikombe kwa ratiba, kuweka vyenye mikunjo mirefu zaidi, au kutumia vya mpira wa silikoni ambavyo maji hayatandi juu yake. Mwishoni aliomba aruhusiwe kuipiga picha orodha ya yule kijana, na mimi nikaona kwa macho yangu jinsi mtu wa kazini anavyofungua mlango: si kwa kuombwa, bali kwa kuletewa kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa anakihitaji.

Ziara ya kiwandani ilikuwa fupi na ilitawaliwa na maelezo ya usalama, jambo ambalo silalamikii. Tulisimama nje ya mstari wa njano katika chumba cha swichi, tukaonyeshwa kibali cha kazi kinavyoandikwa na kufuli linavyofungwa kabla fundi hajagusa kitu, na fundi mkuu akatueleza habari ya kapasita zilizopangwa ukutani. Wateja wakubwa, alisema, hawalipii uniti pekee kama sisi wa majumbani, kwani hulipia pia kiwango cha juu cha mahitaji yao kwa kVA, na mota nyingi zinazozunguka bila kapasita huipandisha kVA hiyo bila kuzalisha kitu cha ziada. Wenzangu wawili walikuwa wamesoma sura nzima ya mada hiyo bila kujua kwamba inahusu ankara. Dakika arobaini hazikutosha, na ningependa waandaaji wapunguze jioni moja ya mazungumzo ili ziara ziwe mbili.

Jioni ya tano, iliyohusu njia za kitaaluma, ilikuwa na manufaa lakini kavu. Tulielezwa kwamba mhitimu husajiliwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akiwa mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuomba usajili kamili, na kwamba mpango wa SEAP ulianzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya kuwasimamia wahitimu katika kipindi hicho. Anayetaka kufunga umeme majumbani naye ana leseni zake za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ambazo hutolewa kwa madaraja. Mgeni alitaja pia jumuiya za kimataifa za wataalamu wa umeme, IEEE iliyoundwa mwaka 1963 kwa kuunganishwa kwa jumuiya mbili za Marekani, na CIGRE iliyoanzishwa Paris mwaka 1921, akasema wanafunzi hupokelewa IEEE kwa ada nafuu na kwamba jumuiya yake ya nguvu za umeme huandaa mikutano barani Afrika. Yote hayo yangeweza kuandikwa katika karatasi moja tukagawiwa, na jioni ile ikatumika kwa kazi za wanafunzi.

Sasa nifike kwenye kasoro, na iliyo kubwa ni orodha ya namba. Mbali na ada, mwanafunzi hushawishiwa kulipa shilingi 10,000 zaidi ili apewe karatasi yenye majina na namba za simu za watu wa umeme zaidi ya thelathini, kutoka Tanga hadi Mwanza. Niliinunua. Nikamwandikia mtu wa nne katika orodha kwa zile sentensi tatu tulizofundishwa, kwa adabu zote, na jibu lake likaja kwa maneno matano: "Namba yangu umeipata wapi, kijana?" Nilipomweleza, alisema hakuwahi kuombwa ruhusa, na hakuniandikia tena. Sikumlaumu. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kama isingekuwepo, kuuza namba ya mtu aliyeitoa kwa nia njema katika shughuli nyingine ni kumvunjia heshima mwenye namba pamoja na mwanafunzi anayeitumia bila kujua. Ajabu ni kwamba jambo hili linapingana moja kwa moja na lile ambalo baraza lenyewe linalifundisha vizuri sana. Nilimweleza mwenye huduma. Akasema watu wazima wanapenda kusaidia vijana. Ni kweli wanapenda, na ndiyo maana inafaa waulizwe kwanza.

Kasoro ya pili ni saa. Mazungumzo huanza baada ya sala ya Magharibi na mara nyingi huendelea hadi baada ya Isha, nyakati nyingine saa tatu na nusu. Wasichana walikuwa wanne kati yetu kumi na wanne katika wiki ya kwanza. Wiki ya sita alibaki mmoja, ambaye kaka yake alimsubiri chini dukani kila jioni. Dada Mhandisi mwenyewe alihudhuria jioni mbili tu kwa sababu ana watoto wadogo, na mengi niliyojifunza kwake niliyapata kwa simu na kwa karatasi nilizompelekea Jumamosi asubuhi. Ningependa pia kuona wageni wa umemejua, kwani katika wiki zote sita hakuja hata mmoja, wakati vijana wengi wa ufundi waliokuwa pale wanajipatia riziki zao kwa kufunga paneli vijijini.

Kuhusu matumaini ya kupata mahali pa mafunzo kwa vitendo, ni lazima mwanafunzi ajue kabla hajalipa kwamba baraza halitoi nafasi na halina uwezo huo, ingawa msaidizi wa pale, anapopokea ada, hutamka maneno yanayoweza kusikika vingine. Katika kundi letu watatu walipata mahali kupitia wageni waliokutana nao. Yule wa orodha ya Sahare ni mmoja wao. Mimi nilipata mwaliko wa siku mbili wa kuangalia upimaji wa rilei, nikiwa mtazamaji, na barua yangu ya bahasha ya kaki imepokelewa mahali fulani bila ahadi yoyote.

Ningelilipia tena baraza lenyewe kwa bei ileile, na ningemshauri mdogo wangu afanye hivyo akiwa mwaka wa pili, kabla hajachelewa kama mimi. Orodha ya namba nisingeinunua hata kwa shilingi 500. Awamu mpya huandikisha mwanzoni mwa likizo ndefu, watu wasiozidi kumi na watano, na mwenye huduma amesema anafikiria kuhamishia mikutano miwili Jumamosi saa nne asubuhi. Anayekwenda abebe daftari la kuchorea lenye mistari ya mraba, na aanze kuuchora mtaa wake kabla ya jioni ya kwanza. Transfoma ya kwetu imekwisha kuchorwa na wanne, kwa hiyo atafute nyingine.